Uvimbe wa Taya, Virusi na Kanda ya Ziwa: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya tumeyaokota wodini, kliniki, kwenye mikutano ya vijiji na kwa wanafunzi wanaopita maabara. Mimi ni daktari, na kazi yangu kubwa hapa Mwanza ni utafiti wa limfoma na saratani nyingine zinazotokana na virusi. Nimejibu kama ninavyojibu ana kwa ana. Mtoto akiwa na uvimbe sasa hivi, acha kusoma, mpeleke kituo cha afya, haya mengine yatakungoja.

Limfoma ni ugonjwa gani?

Ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazokaa kwenye tezi, wengu na sehemu nyingine za kinga ya mwili. Ziko za aina nyingi. Watu wazima huja na mitoki shingoni, kwapani au kwenye kinena, isiyouma na isiyopungua, pamoja na homa za usiku, jasho la kulowesha shuka na kukonda. Kwa watoto wa kanda hii, ile inayotukalisha macho ni limfoma ya Burkitt. Hushika taya, au tumbo, au vyote viwili. Huwapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 9, na wavulana ni wengi kuliko wasichana.

Burkitt ni nani? Ndiye aliyeuleta?

Hapana! Swali hili huulizwa kwa utani, ila wapo wanaoliuliza kwa dhati. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, na muda si mrefu akaona mwingine wa namna hiyohiyo. Mwaka 1958 akaandika juu yao. Ugonjwa ulikuwepo kabla yake, ila hakuna aliyekuwa ameuona kama ugonjwa mmoja. Wa taya walikwenda kwa daktari wa meno, wa tumbo kwa mpasuaji, na kila mmoja akauita kwa jina lake.

Mwaka 1961 alifunga safari ya gari kuukuu na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, karibu kilomita 16,000 kwenda na kurudi. Kila hospitali waliyoifikia walionyesha picha na kuuliza: mmewahi kumwona mtoto kama huyu? Napenda kuwasimulia wanafunzi habari hii kwa sababu haikuhitaji mashine yoyote.

Kwa nini ugonjwa huu uko kwetu ziwani kuliko sehemu nyingine?

Safari ile ndiyo iliyoanza kutoa jibu. Ramani ilionyesha ukanda unaopita katikati ya Afrika, kwenye joto na mvua za kutosha. Ukipanda milimani, kama mita 1,500 na zaidi, wagonjwa wanakuwa wachache mno. Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mwambao wetu wote, Mwanza, Mara, Geita, Kagera, na ng'ambo Kisumu na Uganda, umo ndani ya mpaka huo.

Joto, mvua na mwinuko mdogo ni makazi ya mbu. Malaria ikawa mshukiwa wa kwanza tangu miaka ya 1960, na mpaka leo hajaachiwa.

Mmesema virusi. Sasa ni mbu au ni virusi?

Vyote viwili, na hapa ndipo utafiti wenyewe ulipo.

Burkitt alipotoa mhadhara London mwaka 1961, alikuwepo msikilizaji aitwaye Anthony Epstein. Aliomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakaviona virusi ndani ya seli zake kwa hadubini ya elektroni. Vikaitwa virusi vya Epstein-Barr. Ndivyo virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu, na vilitoka kwenye uvimbe wa watoto wa Afrika Mashariki. (Achong, aliyefanya kazi ya hadubini, hakuachiwa hata herufi katika jina. Mimi huwa namtaja.)

Lakini virusi hivi tunavyo karibu sote. Huenezwa kwa mate, na huku kwetu watoto wengi huwa wameshavipata kabla ya kufikisha miaka 3, mara nyingi bila dalili yoyote. Vikishaingia havitoki, hulala ndani ya chembe B, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, mpaka kufa kwako. Wewe unayesoma unavyo, nami ninavyo. Wazazi wakisikia hivyo hushtuka, kisha wanauliza swali linalofuata.

Kama kila mtu anavyo, kwa nini apatwe mwanangu?

Sina jibu la mtoto mmoja mmoja, na anayekuambia analo anakudanganya. Ninachoweza kukueleza ni njia ambayo ugonjwa hupitia.

Malaria ya falsiparamu, ile aina kali, hasa inayomrudia mtoto tena na tena, huzichochea chembe B zigawanyike kwa wingi kuliko kawaida, na hapohapo inadhoofisha askari wa mwili wanaovizuia virusi visizagae. Chembe B zikiwa kazini zina kimeng'enya kinachokata na kuunga vinasaba ili kutengeneza kingamwili bora. Ni kazi halali, ila ni ya hatari: mara chache sana kipande hukatwa na kuungwa pasipo pake. Katika limfoma ya Burkitt, jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli kugawanyika, huhama kutoka kromosomu (kifurushi cha vinasaba) namba 8, mara nyingi ikahamia namba 14, mahali ambapo haizimwi. Seli ya kawaida yenye hitilafu kama hiyo ingejiua. Yenye virusi vya Epstein-Barr ndani yake husaidiwa kuishi.

Basi zinahitajika ajali kadhaa zikutane katika seli moja. Ndiyo maana mamilioni wana virusi, maelfu kwa maelfu wanaugua malaria, na watoto wa Burkitt wanabaki wachache. Si urithi mbaya wa ukoo, si laana, na si kwa sababu mama hakufunga neti usiku fulani.

Atamwambukiza mdogo wake?

Saratani haiambukizi. Walale kitanda kimoja, wale sahani moja.

Je, ni samaki? Maji ya ziwa? Dawa za pamba?

Samaki hapana. Maji ya ziwa yana matatizo yake, kichocho kikiwa mbele, lakini Burkitt haimo. Kichocho cha mkojo, kile cha bara zaidi kuliko cha mwaloni, kinaweza kuleta saratani ya kibofu, na yule ni minyoo, si virusi, kwa hiyo namwachia mwenzangu. Kuhusu dawa za pamba, hakuna ushahidi unaozifikia malaria na virusi kwa uzito.

Kitu ambacho watu hawakiulizi, nami ningependa wakiulize, ni mnyaa. Ule mti wa utomvu mweupe ambao nusu ya maboma ya Usukumani yamezungushiwa. Maabara imeonyesha kwamba utomvu wake huviamsha virusi vya Epstein-Barr vilivyolala ndani ya seli. Kwa watoto wenyewe ushahidi bado si mzito, na sitamwambia mtu ang'oe ua wake. Ila usiutie utomvu huo kwenye jino la mtoto wala kidonda chake. Macho nayo unayachoma vibaya, hilo wala halihitaji utafiti.

Dalili ya kwanza ni ipi?

Jino linalolegea kabla ya wakati wake. Magego ya mtoto wa miaka 5 hayana sababu ya kutikisika. Mama anaona fizi imejaa, jino limesogea kando, mtoto bado anakula na kucheza. Anapelekwa kung'olewa jino, uvimbe unabaki, kisha siku chache baadaye shavu limepanda mpaka jicho linasukumwa nje. Kwa wengine ni tumbo kujaa haraka, au miguu kukosa nguvu ghafla, ambayo ni dharura ya siku hiyohiyo kwa sababu mgongo umebanwa.

Haraka nayoisema si ya kawaida. Uvimbe huu ni miongoni mwa zile zinazokua kwa kasi kuliko zote zinazompata binadamu: seli zake zinaweza kuwa mara mbili ndani ya saa 24 hadi 48. Jipu la jino huuma, lina joto, na hutulia kwa antibiotiki. Uvimbe usiouma sana, usiosikia antibiotiki, unaoonekana tofauti Jumatatu na Alhamisi, si jipu.

Wanasema ukikata kinyama cha kupima ndiyo unauchokoza uvimbe usambae. Kweli?

Si kweli, na imani hii inatugharimu watoto kuliko jambo lolote lingine katika ukurasa huu. Chanzo chake naelewa. Mtu anaona uvimbe, wiki ya pili kinakatwa kinyama, wiki ya nne umekuwa mkubwa mara tatu. Anaunganisha. Lakini ungekua vilevile hata usingeguswa, ndivyo ulivyo. Kilichosababisha ni wiki zile za kungoja.

Kinyama chenyewe ni kipande kidogo cha uvimbe. Kinatumbukizwa mara moja kwenye kopo la formalini, dawa ya kukihifadhi, na karatasi ndogo inayofuatana nacho tunaiandika kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye kemikali za maabara na mtoto akabaki hana jina. Kinakaushwa, kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa kwa unene usioonekana kwa jicho, kinapakwa rangi. Chini ya hadubini seli za Burkitt hujipanga zimebanana, nyeusi, na katikati yake madoa meupe ya seli zinazosafisha mizoga, kama anga la usiku lenye nyota. Mwanapatholojia mzoefu hulitambua kwa dakika. Kuthibitisha huchukua muda zaidi, maana kuna limfoma nyingine zinazofanana nayo, na dawa zake si zilezile.

Kwa hiyo mtafiti anafanya nini hasa? Mbona dawa zipo tayari?

Swali zuri, na mara nyingi huulizwa na mtu aliyechoka kujaza fomu.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu. Huwezi kusema ugonjwa umepungua kama hujui walikuwa wangapi, na wengi hufia nyumbani bila kuandikwa popote. Kazi ya pili ni kulinganisha: mtoto mgonjwa na mtoto mzima wa kijiji kilekile, umri uleule, tuone walitofautiana wapi. Utafiti mkubwa wa namna hiyo ulifanyika Uganda, Kenya na Tanzania kati ya 2010 na 2016, ukiongozwa na Sam Mbulaiteye, Mganda anayefanya kazi Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Kwa upande wetu watoto waliandikishwa hospitali za Bugando, hapa Mwanza, na Shirati, mkoani Mara. Ndiyo maana kuna vijiji ukifika leo na boksi la sampuli watu wanakuuliza, "Mmerudi tena?"

Shirati ina historia yake. Kati ya 1977 na 1982, Mara Kaskazini, yaani Tarime na Rorya za leo, watoto waligawiwa vidonge vya klorokwini ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza Burkitt. Wagonjwa walipungua kweli. Tatizo ni kwamba walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya vidonge, na vimelea navyo vikaanza kuizoea dawa. Matokeo yalipochapishwa 1989 hayakufunga mjadala. Binafsi nauona ni utafiti wa heshima kubwa hata hivyo: walikwenda nyumba kwa nyumba kwa miaka, wakaandika walichokiona, hawakukipaka rangi.

Kazi ya tatu, ambayo ndiyo inayonishika mimi sasa, ni kufupisha safari ya jibu. Seli za uvimbe zinapokufa humwaga vinasaba vyake na vya virusi kwenye damu. Je, tunaweza kupima damu tu, tukajua ndani ya siku chache kwamba hii ni limfoma yenye virusi, bila kungoja kinyama kizunguke? Watafiti wa nchi kadhaa wanalifanyia kazi, Tanzania na Uganda zikiwemo. Kinyama bado ndicho hakimu. Lakini kwa mtoto wa kisiwa cha Ukara ambaye lazima avuke maji mara mbili kabla ya kuona hospitali ya rufaa, siku 3 badala ya wiki 3 ni uhai.

Damu ya mwanangu mnaipeleka wapi? Mnaiuza?

Hadithi za mumiani nimekua nazo, sikulaumu kuuliza.

Hatuuzi. Kwa mtoto, kiasi tunachochota ni kama kijiko kimoja cha chai, na kinategemea uzito wake na wingi wa damu yake. Kabla ya hapo unasomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, na kama wewe hujui kusoma anakuwepo shahidi unayemchagua mwenyewe. Utafiti wowote unaohusu watu lazima upate kibali cha kamati ya maadili, na sampuli ikivuka mpaka wa nchi kuna mkataba maalumu unaosema inakwenda wapi, kufanya nini, na itakaa muda gani. Una haki ya kuuliza yote hayo. Una haki ya kukataa, na kukataa hakumwondolei mtoto dawa hata tone. Akitokea mtu akakuambia "bila kusaini hatibiwi", huyo anavunja sheria, nenda kamwambie muuguzi mkuu.

Malalamiko moja nayakubali bila kubisha: watafiti wengi huchukua wasirudi kusema walichokipata.

Inapona?

Ndiyo. Ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri zaidi. Burkitt mwenyewe hakuwa na mionzi Kampala, akajaribu dawa peke yake, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu. Leo tunatumia siklofosfamidi, vinkristini, methotreksati na nyinginezo kwa mizunguko. Katika nchi tajiri hupona karibu watoto 9 kati ya 10. Kwetu mara nyingi ni nusu, au pungufu. Dawa nyingi ni zilezile. Tofauti iko kwenye siku aliyofika, lishe aliyonayo, maambukizi anayopata wodini, na kama atamaliza mizunguko yote.

Mzunguko wa kwanza ndio wa kuchungwa. Uvimbe hufa kwa wingi kwa mpigo, na takataka zake huweza kuziba figo. Ndiyo sababu ya dripu nyingi, alopurinoli, na muuguzi anayekukumbusha kupima mkojo hata saa nane usiku. Usimkasirikie.

Uvimbe umeyeyuka baada ya dawa ya kwanza. Si turudi nyumbani?

Hapana. Shavu limerudi kama kawaida, lakini ugonjwa haujaisha. Ukiondoka sasa utarudi na uvimbe ambao umeshaijua dawa.

Sindano ya mgongo inapoozesha?

Hofu hii iko kila wodi. Sindano inaingia chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia, kwenye maji yanayouzunguka, na dawa inawekwa humo kwa sababu ile ya mshipani haifiki vizuri kwenye ubongo. Watoto wanaopooza mara nyingi walikuwa wamebanwa na uvimbe wenyewe kabla ya sindano. Kichwa kuuma siku ya pili ni kawaida. Alale, anywe maji.

Nimesikia dawa moja inatokana na ua. Nichemshe nyumbani?

Vinkristini ilipatikana kwenye ua la waridi-zambarau lenye asili ya Madagaska, lililopandwa mbele ya ofisi nyingi hapa mjini. Lakini inatakiwa majani mengi mno kupata dawa kidogo mno, na kipimo chake kikizidi kinaua mishipa ya fahamu. Liache lipendeze palepale.

Ni saratani gani nyingine zinatokana na virusi?

Kwa wanawake wa Kanda ya Ziwa ya kwanza ni saratani ya mlango wa kizazi, kutokana na virusi vya papiloma. Hapa Mwanza pana habari ya kujivunia. Kuanzia 2017 wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waliingia kwenye utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo. Dozi moja ilitoa kingamwili pungufu kuliko mbili, ila zilizobaki imara kwa miaka. Ushahidi huo ulikuwa miongoni mwa ule ulioliwezesha Shirika la Afya Duniani kukubali dozi moja mwaka 2022, na Tanzania, iliyoanza chanjo hii kitaifa mwaka 2018, ikahamia dozi moja 2024. Wanaosema chanjo inafunga kizazi, waambie wasichana wa utafiti ule ni wa mtaani kwetu.

Homa ya ini B huleta saratani ya ini. Chanjo yake imo ndani ya pentavalenti (chanjo tano kwa pamoja) anayochomwa mtoto wiki ya 6, 10 na 14. Saratani ya Kaposi, yenye madoa meusi au ya zambarau miguuni na mdomoni, hutokana na virusi vilivyotambuliwa 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore. VVU vyenyewe haviigeuzi seli kuwa saratani, vinafungua mlango tu: mtu mzima mwenye VVU asiyetumia dawa ana hatari kubwa ya Kaposi na limfoma. Kumeza ARV kila siku ni kinga ya saratani pia, jambo tunalolisema kwa sauti ndogo mno.

Na chanjo ya Epstein-Barr ipo?

Bado. Zipo zinazojaribiwa, hakuna iliyoidhinishwa.

Sina hela. Nifanyeje?

Njoo kwanza. Usiuze ng'ombe kabla hujaongea na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Sera ya msamaha ipo kwa watoto walio chini ya miaka 5, lakini wengi wa wagonjwa wetu wamekwishavuka umri huo, na hapo ndipo barua ya mtendaji wa kijiji inapokuwa na kazi. Kuna pia mashirika yanayosaidia dawa za saratani za watoto. Ofisi hiyo inayajua. Kinachowashinda wazazi wengi si bili ya dawa, ni nauli, chakula cha anayeuguza, na watoto wanne walioachwa kwa bibi. Sema hilo mapema. Tukijua tunaweza kupanga siku za dozi. Tusipojua tunakuona tu hujaja.

Amemaliza dawa. Nini kinafuata?

Shule. Arudi mara nguvu zikirudi, na nywele zitaota. Ugonjwa huu ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo tarehe za kliniki za mwaka huo zishike kama tarehe za mtihani. Homa yoyote isichukuliwe tu kuwa malaria, apimwe. Na ukibadilisha laini ya simu, tutumie namba mpya, hata ikiwa ya jirani au ya mwenye duka.